Risala ya Kamati ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Awali, Mbagala, Dar es Salaam

Ndugu Mgeni Rasmi, mhadhiri wetu wa elimu ya awali, Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Mkuu, wazazi na wahitimu wetu wadogo: itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha kazi za chuo na kuvumilia foleni ya Barabara ya Kilwa. Maisha yako ya usomi umewapa watoto wa miaka mitano, wakati wengi wetu tulidhani chekechea ni kuimba na kugawa uji. Walimu wetu wawili wamepita mikononi mwako, na tangu wafike hatupumui.

Historia yetu ni fupi. Darasa lilianza chini ya mwembe, likahamia stoo, na ada ilipofutwa mwaka 2016 likafurika. Mafanikio ni makubwa: tuna kona za kujifunzia zenye vizibo na vifuu, na ngonjera yetu imeshika nafasi ya pili kata nzima (shule zilizoshindana zilikuwa tatu).

Changamoto zipo. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sisi tumeshavuka hapo zamani. Hilo tutakuandikia barua. Leo tumekuja na choo.

Ndugu Mgeni Rasmi, watoto hawa wanatumia choo cha wakubwa. Komeo hawalifikii, na tundu ni pana mno kwa miguu yao. Mwalimu humshika mtoto mikono yote miwili asije akatumbukia, huku darasa zima limebaki na mwenzake. Wapo wanaobana haja mpaka wakajikojolea njiani kurudi nyumbani. Mmoja aliacha kabisa kunywa uji wa saa nne.

Uliwafundisha walimu wetu kwamba mtoto huulizwa. Basi wakagawa karatasi, watoto wachore wanachokiogopa shuleni. Sisi wazazi tulidhani watachora fimbo. Wengi walichora shimo jeusi. Michoro hiyo imo kwenye bahasha utakayokabidhiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Hawa maoni wameshatoa.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi mabati. Wa mwaka jana aliahidi saruji, akapigiwa makofi na vigelegele. Kwa kuamini, tukachimba shimo. Masika yakalijaza maji, tukalifukia watoto wasizame. Kwa heshima zote, picha za wageni hao tunazo, na zimetoka vizuri.

Tunaomba choo cha matundu manne kwa kimo cha watoto, moja likiwa na vyuma vya kushikilia kwa wenye ulemavu, pamoja na bomba la kunawia. Mchanga na kokoto tumechangishana, umevipita hapo getini. Fundi ni mzazi mwenzetu. Zimebaki saruji, nondo, mabati na masinki madogo. Hatukuombi utoe mfukoni, mshahara wa mwalimu tunaujua. Ila wewe unaketi meza moja na wakubwa ambao sisi tunaishia kwa makatibu muhtasi wao. Utakaposimama kujibu, tunaomba ututajie tarehe. Katibu wetu ameshafungua daftari.

Tunaomba kuwasilisha.