Tumuulize mgawaji, siyo mfadhili peke yake

Mhariri,

Kila mjadala wa Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji lenye waasi wenye silaha, ukianza, haupiti muda watu wanafika kwenye swali lile lile: nani anawafadhili waasi hao? Mmoja atataja Marekani, mwingine nchi za Ghuba, na Afghanistan italetwa kama ushahidi. Ni vizuri kuikumbuka Afghanistan, ila wengi tunaikumbuka nusu. Nusu iliyosahaulika ni ya mgawaji, yule anayeamua fedha na silaha zimfikie nani.

Rais wa Marekani Jimmy Carter aliidhinisha msaada wa siri kwa mujahidina, wapiganaji waliopinga serikali ya kikomunisti ya Afghanistan, Julai 1979, miezi kadhaa kabla majeshi ya Kisovieti hayajaingia Desemba. Saudi Arabia ikakubali kuweka dola moja kwa kila dola ya Marekani. Kufikia 1987 fungu la Marekani pekee lilikuwa takriban dola milioni 630 kwa mwaka. Ili Washington iweze kukana kuhusika, silaha zilinunuliwa China na Misri, za muundo wa Kirusi, zikashushwa bandarini Karachi, Pakistan. Hapo mzigo ulibadili mikono. ISI, idara ya ujasusi ya jeshi la Pakistan, iliupeleka kwenye ghala la Ojhri, Rawalpindi, kisha kwa malori hadi Peshawar, mji wa Pakistan karibu na mpaka, kwenye maghala ya vyama vya mujahidina, na mwisho migongoni mwa nyumbu kuvuka milima.

Siasa ya Afghanistan ya miaka iliyofuata ilipikwa Peshawar. ISI ilitambua vyama saba tu, na kamanda asiyejiunga na kimojawapo hakuwa kwenye mgawo. Fungu nono lilikwenda kwa Hezb-e-Islami ya Gulbuddin Hekmatyar. Huyu hakuwa na mizizi mirefu vijijini, na hiyo ndiyo iliyomfanya apendwe: asiye na watu wake humtegemea anayemlisha. Wazalendo wa Kipashtuni, ambao wangeweza kufufua madai ya ardhi iliyo upande wa Pakistan, waliwekwa kando. Mkulima aliyewahi kupeleka mahindi soko la Kibaigwa hahitaji maelezo marefu hapa. Mnunuzi anaweza kutoka mbali na fedha zake, lakini anayeshika mzani ndiye anayeamua nani arudi na nini.

Mzani ule ulidai gharama zake mapema. Aprili 10, 1988 ghala la Ojhri lililipuka, makombora yakaangukia mitaa ya Rawalpindi na Islamabad, na watu wapatao mia moja wakafa. Mwezi uliofuata mtawala wa Pakistan, Jenerali Zia-ul-Haq, alimwondoa Waziri Mkuu wake Junejo. Mvutano kuhusu uchunguzi wa mlipuko ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Makombora ya Marekani ya kutungulia ndege, Stinger, yaliyoanza kutumika 1986, hayakurudi yote, na baadaye Marekani ikalazimika kutenga mamilioni ya dola kuyanunua tena yale yale iliyoyatoa bure. Vita vya Ghuba vilipokuja, Hekmatyar alisimama upande wa Iraq, dhidi ya Wasaudi waliomlisha. Najibullah, rais aliyeungwa mkono na Wasovieti, alipoanguka 1992, Hekmatyar alipewa uwaziri mkuu, naye akautwanga mji wa Kabul kwa roketi. Pakistan ikamchoka, ikahamia kwa Taliban, nao wakaingia Kabul Septemba 27, 1996.

Hapa nisahihishe jambo linalorudiwa sana vijiweni: kwamba CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilimlipa Osama bin Laden. Ushahidi hauonyeshi hivyo. Yeye na mhubiri wa Kipalestina Abdullah Azzam walikuwa na ofisi yao Peshawar tangu 1984, ikikusanya michango ya watu binafsi nje kabisa ya daftari la ISI. Alichonufaika nacho ni uwanja, njia na watu. Agosti 7, 1998 mtandao wake ulilipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Kwetu walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200. Bunge letu likapitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, ambayo inabishaniwa hadi leo.

Wapo wanaotaka kufunga mjadala kwa kusema fedha yoyote ya nje inayopitia dini ni hatari. Msikiti wa Gaddafi hapa Dodoma ulijengwa kwa msaada wa Libya, na watu wanaswali bila shida. Saruji haigawiwi kwa makamanda.

Mfano wa kufikiria uko Kongwa. Kuanzia 1964 wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, FRELIMO, ANC, SWAPO na MPLA, waliweka kambi pale, silaha zikitoka Urusi na China. Tanzania nayo iligawa kwa upendeleo, tusijidanganye: vyama vilivyotambuliwa na Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ndivyo vilivyopewa. Lakini kila chama kilikuwa na uongozi unaojulikana na madai yanayoweza kujadiliwa mezani.

Kwa Cabo Delgado, silaha nyingi zilizoonekana mikononi mwa wapiganaji zilitekwa kwa jeshi la Msumbiji lenyewe. Kwa hiyo, Mhariri, mwandishi wenu atakayerudi kwenye suala hili atuandikie kwanza kuhusu maghala ya silaha ya jeshi hilo: yanalindwaje, nani anahesabu, na bunduki ikipotea nani anaulizwa.

Msomaji wenu,
Kongwa, Dodoma