Risala ya walimu wa sayansi kwa Mgeni wa Heshima, siku ya kufunga mafunzo ya ekolojia, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima,
Baba Prefe, mkuu wa shule hii na mwenyeji wetu,
Wainspekta na waprefe wa shule jirani,
Mababa na mamama walimu, wazazi, wanafunzi,

Tunawasalimu nyote. Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuitika mwaliko wetu. Ulipoingia tu, walimu walisimama bila kuambiwa. Heshima hiyo imetoka moyoni.

Historia yetu ni fupi. Tulianza walimu saba wa biolojia na jeografia chini ya mwembe wa shule hii. Leo tuko 34.

Mafanikio ni makubwa. Tuna fremu kumi za nondo za mita moja kwa mita moja, ambazo fundi wa mtaani alituunganishia kwa bei ya jirani, na kila mwalimu wetu anajua kuhesabu mimea ndani yake. Tumekausha mimea 112 katikati ya magazeti, na kila mmoja umeandikiwa mahali ulipotoka. Tumepima udongo wa vichuguu vikubwa vya kwetu, vile vinavyopita urefu wa nyumba, tukaulinganisha na udongo wa msitu wa miombo pembeni yake. Wanafunzi waliona wenyewe kwamba udongo wa kichuguu una chokaa zaidi na asidi pungufu kuliko ule wa msitu. Sasa hawakariri tena kwamba miti ya juu ya kichuguu ni tofauti na ya chini: wanaweza kukueleza sababu.

Tumefika pia kwenye ua la shaba. Mmea huu wa Katanga, ambao wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, ni jamaa ya kivumbasi, na huota kwenye udongo wenye shaba nyingi, udongo unaoua mizizi ya miti mingi. Huota hata mahali palipokuwa na tanuru za wazee wetu walioyeyusha shaba na kutengeneza misalaba, na watafiti wamezigundua tanuru hizo kwa kulifuata ua hilo. Mtoto anayesoma somo hilo akiwa amechuchumaa kilimani hatalisahau. Mtoto wa mji wa shaba kulijua ua hilo kwa picha ya ubaoni tu, hilo linatuuma.

Mheshimiwa, sasa tunafika kwenye jambo lenyewe.

Yote tuliyoyataja tumeyafanya mahali ambapo mguu unafika. Lakini programu inatutaka tufundishe mazingira ya milima na ya nchi kame, nasi tunayafundisha kwa chaki. Mwalimu anachora Sahara, anachora ngamia, kengele inalia. Kumbe jimbo letu lina nyanda za juu za Kundelungu, mbuga ya taifa tangu 1970, na huko juu kuna mchanga wa jamii moja na ule wa Kalahari. Maji hayakai, rutuba ni haba, usiku wa kiangazi baridi inauma. Miti inaishije hapo? Mingine imeficha shina lake chini ya ardhi. Mupundu tunaoujua sote, tunaookota matunda yake msituni, una ndugu yake kwenye mchanga kama huo anayetambaa chini: ukimwona unadhani ni nyasi, ukichimba unakuta mbao. Moto ukipita, majani yanaungua, mti unabaki hai. Mlima na ukame vinakutana katika somo moja, ndani ya jimbo letu wenyewe, na kati ya walimu 34 ni wanne tu waliowahi kupanda huko.

Kinachotuzuia ni gari. Safari ni zaidi ya kilomita 100 kwenda kaskazini, na teksi haifiki. Mwaka jana tulichanga tukakodi kamio, yaani lori. Likaharibika njiani, tukalala kando ya barabara na mamama walimu, asubuhi tukarudi mjini na fremu zetu hazijagusa nyasi. Michango ile ilikuwa mishahara ya watu.

Mheshimiwa, tunasema kwa adabu yote: wewe si wa kwanza kusikia ombi hili. Mgeni wetu wa kwanza alituahidi bisi. Tulipiga makofi, mamama wakapiga vigelegele, tukaandika barua, tukapewa nakala yenye muhuri. Tulikwenda kuuliza mara sita. Mgeni wa pili alituahidi mazuti ya gari tu, tukafurahi vilevile, na pipa bado tunalisubiri. Hatuwataji, na hatuna kinyongo nao. Ila kuna walimu vijana ambao leo hawakutaka kuja kuimba, na kamati ilikosa neno la kuwaambia.

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Tunaomba gari lenye nguvu ya kupanda mlima, la kubeba walimu 20, liwe mali ya shule zote za hapa zinazofundisha sayansi, pamoja na mazuti ya safari tatu kwa mwaka. Kama gari ni zito, tunaomba tuazimwe moja la serikali kwa siku tano, mwezi wa sita, mvua zikiwa zimeisha na mioto ya nyasi haijateketeza tunachokwenda kuhesabu. Chakula tutajipikia. Na kama hata hilo haliwezekani, Mheshimiwa, tunaomba utuambie leo, hapa, mbele ya wanafunzi hawa. Hapana tutaipokea kwa heshima, tupange mambo yetu.

Barua imekwisha kuandikwa. Iko katika bahasha ya kahawia mkononi mwa mwandishi wetu, Mama aliyeketi kushoto kwako, na nafasi ya sahihi yako iko chini ya ukurasa wa pili.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya walimu wa sayansi, Lubumbashi