Wanafunzi nao waulizwe kuhusu Bayolojia

Mhariri, naomba nafasi niongelee wanafunzi wa sekondari na somo la Bayolojia, maana mtaala ukiguswa wanaitwa wataalamu na walimu ila mwanafunzi mwenyewe mara nyingi hata haulizwi. Wanaingia form one na hamu kabisa, wanataka kujua mbu anaambukizaje malaria, selimundu, ule ugonjwa wa damu, inarithiwaje (na hapa Tanzania watoto wengi wanazaliwa nayo, hii ni elimu ya maisha), lakini wakifika form three wengi washachoka, kwao somo limekuwa notsi za kukariri kwa Kiingereza wakati msingi walisoma sayansi kwa Kiswahili, na praktiko shule nyingi wanaikuta form four mtihani wa taifa wa NECTA ushakaribia. Hapo mtoto atalipendaje?

Naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania kabla ya kupanga mada tena waende mpaka shule za kata huko vijijini, wawaulize wanafunzi wanapenda nini na wanakwama wapi, halafu praktiko ianze form one na maksi zake zihesabiwe. Maabara isiwe kisingizio, kupima wanga kwenye muhogo kunataka iodini tu.

Mzazi, Morogoro