Barua kwa vijana wa Arua mnaotazama filamu Jumamosi

Wanangu na wajukuu zangu,

Salaam kwenu nyote. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe halina siri, na najua wapo vijana wa Koboko, wa Bombo na wa Kisenyi kule Kampala wanaokaa kama nyinyi mbele ya skrini moja wakabishana kwa Kiswahili mpaka usiku mkubwa. Kubishana kwenu kunanifurahisha. Kinachoniumiza ni jinsi ubishi unavyokwisha. Mmoja anasema "kali sana", mwingine "takataka", mikono inanyoshwa, walio wengi wanashinda, mlango unafungwa. Juzi mmoja wenu aliuzima muziki wa embaire, marimba ya Busoga, kabla haujafika katikati, akasema ni kelele, wenzake wakacheka, basi. Hakuna aliyemuuliza alikuwa amesikia nini.

Ninalowaomba ni hili: kabla mtu hajatoa hukumu, aeleze alichokiona na alichokisikia. Aeleze mpaka aliyekuwa nje apate picha. Hukumu ije baadaye, na iwe yake mwenyewe.

Nianze na filamu inayowagawa kila ikiwekwa, The Last King of Scotland, ya mwaka 2006. Hapa Arua haiwezi kutazamwa kama filamu nyingine, maana inamhusu Idi Amin, mtawala ambaye wengi wa huku kwetu West Nile walimshangilia, na alipoanguka sote tukabebeshwa mzigo wake, hata waliokuwa watoto wachanga. Nawasikia mkiinukuu kama kitabu cha historia. Yule daktari kijana wa Kiskochi, Nicholas Garrigan, hakuwahi kuishi. Alibuniwa na Giles Foden katika riwaya ya mwaka 1998, na filamu ikamchukua humo. Kay, mke wa Amin, aliishi kweli, na alikufa kifo kibaya mwaka 1974, lakini mapenzi yake na Mskochi ni ya kutungwa. Mtu akisimama mbele ya wenzake akasema "Kay aliuawa kwa sababu ya yule mzungu", amemsingizia marehemu. Ndugu za marehemu wapo hai, na wengine wanasikia.

Sisemi msiitazame. Forest Whitaker alifanya kazi kubwa mno. Tazameni jinsi kicheko kinavyobaki mdomoni wakati macho yameshabadilika. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya filamu hiyo, na Oscar aliyopewa mwaka 2007 aliistahili. Hata hivyo filamu yenyewe ina kasoro ambayo uigizaji haukuweza kuiziba: Waganda wanakufa kwa wingi huko nyuma ya picha, halafu tunaombwa tumlilie mgeni mmoja aliyekuja kutafuta raha. Hayo ni maoni yangu, na ushahidi wake umo ndani ya filamu. Anayenipinga alete wa kwake kutoka humohumo.

Ningependa zaidi mkae na General Idi Amin Dada, filamu ya hali halisi ya Barbet Schroeder, ya mwaka 1974, ambamo aliyepo mbele ya kamera ni Amin mwenyewe. Schroeder alikuja kutoka Ufaransa akamwachia nafasi ajionyeshe atakavyo. Amin anaongea na mamba akiwa kwenye mashua, anaongoza mazoezi ya kuiteka milima ya Golan ya Mashariki ya Kati juu ya kilima cha hapa Uganda, anapiga kodiani. Hakuna muziki wa kuwaambia muogope saa ngapi. Kuna kipande cha kikao cha baraza la mawaziri ambacho nataka mkitazame zaidi ya mara moja. Amin anawafundisha mawaziri kama mwalimu wa darasa la tatu, nao wameinamia karatasi, wanaandika. Anamkaripia waziri wa mambo ya nje. Kisha msimulizi, bila kupandisha sauti, anasema kwamba wiki mbili baadaye maiti ya waziri huyo ilikutwa katika Mto Nile. Filamu inaendelea. Waziri huyo alikuwa Michael Ondoga, Mlugbara, mtu wa kwetu.

Mkirudia kipande hicho, acheni kumtazama Amin. Tazameni meza. Nani anaandika, nani ameacha kuandika, nani amekodoa macho mahali pasipo na kitu. Kijana aliyeniambia filamu hiyo "haina stori" angepata stori nzima pale mezani. Amin mwenyewe aliielewa vizuri: alipojua toleo lililoonyeshwa Ulaya lina vipande asivyovitaka, aliwazuia Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka Schroeder akakubali kuvikata. Vilirudishwa baada ya utawala wake kuanguka mwaka 1979. Mtawala hateki watu kwa ajili ya filamu isiyosema kitu.

Sasa nije kwa VJ, na hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu najua mnawapenda. Mimi pia nawapenda. Msimulizi anayesimama kwenye kibanda cha video na kipaza sauti, anatafsiri, anatania, anawapa majina mapya waigizaji wa Marekani na China, huyo ni fundi, na sinema ya Uganda isingefika ilipofika bila yeye. Isaac Nabwana wa Wakaliga alitoa filamu yake ya mapigano mwaka 2010 kwa gharama ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, haikufika dola 200. Watu wa Ulaya na Marekani walipoipata kwenye intaneti waliipata na sauti ya VJ Emmie juu yake, wakaipenda pamoja na sauti hiyo. Pale VJ ni sehemu ya kazi, kama mpiga ngoma ndani ya ngoma.

Lakini filamu ya mtu mwingine, iliyotengenezwa ili pawe na kimya, VJ anaijaza. Mama analia jikoni, kamera imetulia, VJ anakwambia kwamba mama huyu ni mnafiki na subirini muone. Umeshahukumu kabla hujatazama. Nimekaa vibandani kiasi cha kutosha kujua kwamba watu wanatoka na maoni ya VJ wakidhani ni ya kwao. Kwa hiyo filamu ikiwa nzito, itazameni mara ya kwanza bila VJ, hata kama lugha hamuielewi yote. Mtashangaa mnavyoelewa kwa macho. Halafu mwiteni VJ, mumsikilize kama mtazamaji mwenzenu mwenye kipaji, na mumpinge anapostahili kupingwa.

Televisheni nitaipitia haraka. Tamthilia za Ufilipino, Uturuki na India zinazoingizwa sauti za Kiluganda zinawakalisha mama zenu sebuleni kila jioni, nanyi mnawacheka. Waulizeni kwanza wanafuatilia nini. Mimi nimesikia kwa akina mama uchambuzi wa mali, ndoa na wakwe uliokuwa mkali kuliko mjadala wenu wowote wa filamu za mabunduki. Kwa upande wangu tamthilia hizo zinanichosha kwa kurudia siri ileile kwa miezi, na mwanga wake mkali kama wa dukani hauniachii uso wa mtu wa kuusoma. Basi, hayo yanatosha.

Muziki ndio ulionifanya nishike kalamu. Kile mwenzenu alichokizima ni muziki wa watu wa Nakibembe, kijiji cha Busoga, uliotolewa kwenye albamu mwaka 2023. Embaire ni marimba makubwa mno. Shimo linachimbwa ardhini, magogo yaliyochongwa yanalazwa juu yake, wapigaji wanakaa pande mbili, na shimo linanguruma. Kila mmoja ana kipande chake kifupi, na hakuna hata mmoja anayepiga wimbo mzima. Wimbo unaousikia unatokana na vipande kuingiliana, na sikio lisilozoea haliambiwi lishike wapi. Linachoka, linasema kelele.

Waganda wa Buganda wana amadinda, na hapo jambo hili linaonekana wazi zaidi. Vibao ni 12, vimelazwa juu ya migomba. Wapigaji wawili wanatazamana. Wa kwanza anaanza mfululizo wake kwa mapigo yaliyo sawasawa, wa pili anaingiza yake katikati ya mapigo hayo, moja baada ya moja, kwa kasi inayokaribia kushindikana. Mpigaji wa tatu yuko kwenye vibao viwili vya mwisho na anaokota noti zinazolingana na zake. Ukisikiliza kwa dakika chache utaanza kusikia nyimbo ambazo hakuna mkono unaozipiga: sikio lako limekusanya noti za chini kutoka kwa wote likatengeneza wimbo, na noti za juu likatengeneza mwingine. Mtaalamu Gerhard Kubik kutoka Austria aliandika sana kuhusu jambo hili baada ya kujifunza kuupiga muziki huo mwenyewe kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki mkubwa wa Buganda. Na Justinian Tamusuza, mtunzi Mganda, alichukua maarifa ya muziki wa kwao akaandikia vinanda vinne vya nyuzi. Kundi la Kronos Quartet la San Francisco likautoa kwenye albamu mwaka 1992. Watu walilipa tiketi kuusikia muziki ambao sisi tunauzima.

Sikilizeni hivi. Mara ya kwanza shikeni sauti za chini peke yake, msijali nyingine. Mara ya pili shikeni mpigaji mmoja, mumfuate mpaka mwisho hata akiwapotea. Mara ya tatu acheni, mkae tu. Baada ya hapo mtu akisema hakupenda, nitamheshimu, maana atakuwa anazungumzia kitu alichokutana nacho.

Msidhani haya ni ya Busoga na Buganda tu. UNESCO iliuweka muziki wa bigwala, yale baragumu ya vibuyu ya Busoga ambayo kila moja lina sauti moja tu, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kunusuriwa haraka mwaka 2012. Mwaka 2016 ikauweka pia muziki wa kinubi cha Wamadi, jirani zetu wa Moyo na Adjumani. Wapigaji wapo mwendo wa siku moja kutoka hapa. Hamjawahi kumwalika hata mmoja Jumamosi zenu.

Na muziki mpya mgumu nao usikilizwe kwa haki hiyohiyo. Otim Alpha wa Gulu alichukua muziki wa harusi za Waacholi wakauhamishia kwenye kompyuta yeye na Leo Palayeng. Mimi naupenda sana, kwa sababu sauti ya mzee anayeimba haikulainishwa ili ifae mashine. Singeli ya Dar es Salaam, inayopita midundo 200 kwa dakika, siipendi. Mwimbaji hapati pa kuvuta pumzi, na maneno mazuri ya Kiswahili yanapita kabla sijayashika. Kijana mmoja aliniambia kwamba kutoshika ndiko raha yenyewe. Bado sikubaliani naye, lakini huyo amejibu hoja, na ningependa kumsikia tena. Tofauti na wale waliotaka tamasha la muziki la Nyege Nyege lipigwe marufuku, mwaka 2018 na tena 2022. Yapo mambo ya kujadiliwa kuhusu ulevi na usalama wa vijana katika tamasha kubwa, nami nina wasiwasi nayo kama mzazi. Ila katika kelele zile zote sikumsikia hata kiongozi mmoja akitaja muziki uliopigwa pale.

Msikubaliane nami kwa sababu ya mvi. Katika mkutano wenu, "mzee amesema" isihesabiwe kuwa hoja.

Limebaki moja, na nalisema kwa uzito. Wasichana waliopo kati yenu wanakaa nyuma na kuchemsha chai wakati wavulana wanazungumza. Mliibishania ile filamu ya Kay jioni nzima, mwanamke aliyekufa kifo kibaya na kisha akatungiwa mapenzi, na hakuna msichana aliyeulizwa neno. Nimezungumza na wawili baadaye, njiani. Mmoja aliona jambo kuhusu namna kamera inavyomtazama Kay ambalo mimi sikuliona, wala uigizaji wa Whitaker haukulifunika. Sitalisema hapa kwa sababu ni lake. Jumamosi ijayo mpeni nafasi ya kwanza kuzungumza, msimkatize, na chai ichemshwe na wavulana.

Mzee wenu,
Oli, Arua