Mwanangu, alama ya & haimaanishi "sawa na"

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Miyuji hatujambo, zabibu zimeanza kukatwa. Barua yako nimeirudia mara mbili, hasa pale unaposema kanuni yako ya Suricata, ile programu inayokagua pakiti za mtandao na kutoa tahadhari, hukaa kimya siku nzima, kisha hulia mfululizo kila mkongo wa intaneti ukikatika hapo Singida, nawe ukadhani seva ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, ndiyo mbovu. Seva haina kosa. Kosa liko hapa:

byte_test:1,&,3,3;

Yaani: chukua baiti 1, ipime kwa alama hiyo, dhidi ya 3, kwenye baiti namba 3. Ulitaka kunasa majibu ya "jina halipo", ambayo namba yake ni 3. Namba ya jibu hukaa kwenye biti nne za mwisho za baiti namba 3 (baiti ni biti nane) ya heda ya DNS, yaani sehemu ya mwanzo ya ujumbe, tukihesabu kuanzia sifuri. Hapo umelenga sawasawa. Lakini & haiulizi kama biti hizo ni sawa na 3. Inauliza kama kati ya biti zinazounda 3 kuna hata moja iliyowaka. Tatu ni 0011. Kosa la muundo wa swali ni 1, yaani 0001, linapita. Seva kushindwa kupata jibu ni 2, yaani 0010, linapita. Kukataliwa ni 5, yaani 0101, ile biti ya mwisho inawaka, linapita nalo. Mkongo ukikatika, seva yenu haiwezi kuzifikia seva za nje, kwa hiyo inamjibu karibu kila anayeuliza kwa namba 2. Ndiyo kelele uliyoisikia.

Unachohitaji ni chujio la biti pamoja na alama ya usawa. Lichukulie kama chekeche la unga: 0x0F (0x ni alama ya namba za msingi wa 16), yaani 00001111, inaacha biti nne za chini zipite na kuzuia nne za juu, halafu kilichopita ndicho unachokipima.

alert udp any 53 -> $HOME_NET any (msg:"Majina yasiyokuwepo, mengi"; byte_test:1,&,0x80,2; byte_test:1,=,3,3,bitmask 0x0F; threshold:type both,track by_dst,count 50,seconds 60; sid:1000021; rev:1;)

Ile 0x80 kwenye baiti namba 2 ni biti inayotofautisha jibu na swali, na kwa kuwa ni biti moja tu, & inatosha kabisa. Ukitaka biti isiyowaka, andika !&. Namba za sid, yaani za utambulisho wa kanuni, za kwetu wenyewe zinaanzia 1000000, usishuke chini ya hapo usije ukagongana na kanuni za watu wengine.

Chujio likiwa katikati ya baiti kuna jambo linalowapotosha wengi. Aina ya ombi la DNS (opcode) hukaa kwenye baiti namba 2, chini ya chujio 0x78, na ombi la kubadilisha rekodi ni aina ya 5. Ukiitazama baiti yenyewe utaona 0x28, yaani 40, lakini kwenye kanuni unaandika 5, kwa sababu injini ikishachuja husogeza matokeo kulia kwa idadi ya sifuri zilizo mwishoni mwa chujio, ambazo hapa ni tatu. Ukiandika 40, kanuni haitalia kamwe, na kanuni isiyolia inaogopesha zaidi kuliko ile inayolia ovyo, maana hakuna anayeishuku.

Angalia pia namna ya kuhesabu. Michoro rasmi ya itifaki huita biti ya kushoto kabisa namba 0, na hiyo ndiyo 0x80. Mwandishi wa programu huanzia kulia. Kabla ya kuandika lolote, chora biti kwenye karatasi, nane kwa nane. DNS ikipita kwenye TCP badala ya UDP iliyo kwenye kanuni yetu, mbele ya heda kuna baiti mbili za urefu, kwa hiyo 2 inakuwa 4 na 3 inakuwa 5. Andika kanuni ya pili, usijaribu kuzibana zote kwenye moja. Kwa SMB2, itifaki ya kushirikiana mafaili, kuna mtego mwingine: bendera zake ni baiti nne zilizopangwa kuanzia ile ndogo, na usipoongeza neno little, injini itazisoma kinyume.

Bendera za TCP usizitafute kwa byte_test ya kawaida, kwani hiyo huanza kuhesabu baada ya heda. Tumia flags. Ukiandika flags:S maana yake SYN, bendera ya kufungua muunganisho, peke yake. Pakiti ya SYN ya kompyuta inayotumia ECN, njia ya kuonya kuhusu msongamano, huja na biti mbili za juu zikiwa zimewaka, baiti inasomeka 0xC2, nayo inakukwepa. Andika flags:S,CE ili hizo mbili zipuuzwe.

Sasa jaribu. Kamata pakiti kwanza kwa tcpdump, programu ya kunasa pakiti, ukiuliza jina lolote linaloishia .invalid ili upate 3. Kisha chomoa waya wa intaneti wa seva ya majaribio, uliza jina ambalo seva haijalihifadhi, upate 2. Kwenye tcpdump biti zile zile ni 'udp[11] & 0x0f = 3', kwa kuwa yenyewe inahesabu na baiti 8 za heda ya UDP. Halafu:

suricata -r majibu.pcap -S local.rules -l ./log -k none

Bila -k none, pakiti zilizokamatwa kabla ya kadi ya mtandao kujaza hesabu ya uhakiki zinaweza kutupwa, ukabaki unailaumu kanuni. Wakati wa jaribio weka count 1. Ya 3 ilie, ya 2 inyamaze. Usiridhike na moja tu.

Seva ya barua pepe iondoe kwenye kanuni hii. Inapouliza orodha za watumaji taka kwa DNS, "jina halipo" ndilo jibu la kawaida kwa mtumaji asiye na doa. Lakini kompyuta ya karani ikipata majibu hayo 50 kwa dakika, inuka uende ukaitazame. Conficker, mnyoo wa kompyuta, toleo la mwaka 2009, ilitunga majina 50,000 kwa siku na kujaribu 500 kati yake, na mengi hayakuwahi kusajiliwa. Kifaa chako kikae kati ya kompyuta na seva ya DNS. Kikikaa upande wa nje, kila ombi litaonekana limetoka kwa seva, na hutajua ni kompyuta ipi.

Ukikwama tena, usinitumie faili la pakiti. Ndani yake mna mambo ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda. Nitumie kanuni na zile baiti 12 za heda ya DNS.

Mama yako,
Miyuji, Dodoma