Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa KBC: fungueni kanda za Vioja na Vitimbi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC),
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: KANDA ZA VIOJA MAHAKAMANI NA VITIMBI

Mchekeshaji kijana akipanda jukwaani siku hizi, hakosi mzee wa kumwambia kwamba vichekesho vilizikwa pamoja na Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi. Vijana nao hujibu kuwa vya zamani vilikosa ladha, watu wanabishana kortini nusu saa nzima bila kuinuka. Ubishi huu hauwezi kuamuliwa, maana ushahidi, yaani kanda za vipindi hivyo, uko mikononi mwenu.

Mimi naegemea upande wa wazee, ingawa si kwa kila jambo. Tazama Vioja Mahakamani, kipindi chenu cha kesi za kuchekesha. Hakimu, kiongozi wa mashtaka, kizimba, na ndani yake Ondiek Nyuka Kwota au Makokha ameshtakiwa kwa kosa dogo. Basi. Mwandishi hana barabara ya kukimbizia gari wala muziki wa kumwokoa. Ana maneno tu, na hukumu inamsubiri mwishoni. Kicheko kilitoka pale mshtakiwa anapojitetea hadi akajifunga mwenyewe. Hakimu alisema Kiswahili cha kortini, mshtakiwa akajibu kwa lafudhi ya kwao, na sisi watoto wa bara tukaokota lugha hapo katikati bila kujua tuko darasani.

Tusijidanganye lakini: utani wa makabila ulikuwepo tangu hapo. Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang, alikuwa Mkikuyu akiigiza Mjaluo, na aliigiza hivi kwamba wengi walikataa kuamini walipoambiwa. Ila Ojwang hakuwa lafudhi tu. Alikuwa mume, mwenye maneno mengi na ujanja mchache, na mbele yake kulikuwa na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, asiyedanganyika. Ungeiondoa lafudhi, ndoa ile ingebaki na ingechekesha. Leo mtu anasimama peke yake na kipaza sauti, anatuambia Wakamba wako hivi na Waluhya wako vile, anapigiwa makofi, anashuka. Wiki ijayo anakuja mwingine na makabila yaleyale.

Kuna mahali ambapo wa sasa wamewashinda wa kale, tena kwa mbali. Sauti ya Kenya, kama shirika lenu lilivyoitwa zamani, na KBC baada ya jina kurudishwa mwaka 1989, ilikuwa redio na televisheni ya serikali, na huko Rais hakuchekwa. Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie wa kundi la vichekesho la Redykyulass walimwiga Rais Moi akiwa bado Ikulu, nchi nzima ikacheka kwa woga kwanza, kisha bila woga. (Kiarie mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, kwa hiyo sasa ni zamu yake kuigwa.) Hilo Ojwang hakuweza kulifanya, na si kwa kukosa kipaji.

Wala sisemi uzi ulikatika. Papa Shirandula wa televisheni ya Citizen, marehemu Charles Bukeko, alikuwa soja wa getini aliyemficha mkewe kazi yake. Ni ndugu wa Ojwang kabisa. Hata Crazy Kennar na video zake fupi anaigiza watu na visa, hasimulii tu. Kinachokosekana ni muda: mhusika anayerudi kila wiki mpaka ucheke kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo naomba haya. Kanda zitolewe nzima, kwa mpangilio wa miaka, kila kipindi na majina ya mwandishi, mwelekezi na waigizaji. Vipande vinavyozunguka mitandaoni mara nyingi havina hata mwaka, na kijana anayetaka kujifunza uandishi hawezi kujua ni nani wa kumfuata. Pili, kila kanda ikiingiza pesa, fungu liende kwa waigizaji au warithi wao. Wanjau aliaga Julai 2015. Kabla ya hapo Wakenya walikuwa wamechangishana ili atibiwe macho. Mtu aliyechekesha taifa kwa miongo hakupaswa kutibiwa kwa harambee.

La tatu ni gumu zaidi. Wapeni vijana nusu saa moja kwa wiki kwa masharti ya Vioja: chumba kimoja, kesi moja, hukumu. Wachague kosa wenyewe: mkopo wa simu usiolipwa, mvua ya matusi katika kundi la WhatsApp la ukoo, bodaboda aliyebeba abiria wanne na mbuzi. Wakishindwa, wazee watakuwa wameshinda kesi yao kihalali.

Na ikiwa baadhi ya kanda zimeharibika au zilifutwa, tuambieni ni zipi.

Wako,
Mtazamaji, Nakuru