Barua ya wazi kwa vijana wetu wa mahotelini

Assalaam alaykum wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaoamka alfajiri kuwahi gari ya kazini, Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, hapa kwetu Zanzibar. Kilio chenu nakisikia kila mara: kazi naijua, nina miaka hapa, lakini usimamizi kapewa mtu aliyekuja juzi. Inauma, na pengine ni dhuluma kweli, maana kujuana kupo. Lakini nimesimamia vyumba mpaka nikastaafu, na nimekaa kwenye vikao vya kuchagua watu. Mule haliulizwi suali la nani anatandika vizuri. Huulizwa nani anaweza kuachiwa zamu.

Na zamu imo daftarini. Tazameni hili la shuka. Dobi kachukua 80, karudisha 76. Mmoja atasema, "Ndio kawaida yake huyo," apite zake. Mwengine atazihesabu mbele ya aliyezileta, aandike kuwa zimepungua 4, amtilishe saini, kisha amjuulishe mwenzake wa jioni, kwa sababu kuna wageni wa ndege ya usiku na vitanda vyao havijatandikwa. Huyu wa pili, hata kama ni mgeni kazini, ndiye meneja atakayeanza kumwita kwa jina lake. Basi ombeni kuonyeshwa ratiba ya zamu inavyopangwa, stoo inavyohesabiwa, ripoti ya asubuhi inavyoandikwa. Msingoje cheo ndiyo mjifunze.

Masika ya Aprili na Mei wageni hupungua, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Pumzikeni, nendeni Pemba mkawaone wazee, lakini sehemu ya siku hizo isomeeni. Aliyeko Kiwengwa anakizungumza Kiitaliano; sasa ajue na kukiandika. Asiyejua kompyuta aanze. Chuo cha utalii cha Maruhubi, ambacho siku hizi ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kiulizeni kina masomo gani.

Tumelelewa kwamba mtu hajitangazi. Malezi hayo nayapenda, wala sitaki myaache. Lakini kumwendea mkubwa wako siku isiyo na pirika, ukamuuliza, "Napungukiwa na nini ili niweze usimamizi?" hakuna kukosa haya ndani yake. Andika anachokujibu, kifanyie kazi, kisha mrudie. Nyinyi mabinti khasa nakuombeni muulize, kwani nimeona wengi wenu wakifanya kazi ya msimamizi na cheo chenyewe anacho mtu mwengine.

Kwa hili la mwisho nakazia. Ukikaimishwa, fanya kazi kwa moyo, lakini omba barua yenye cheo, mshahara na tarehe ya kuanza. Mambo ya kazi yana sheria yake: Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Barua ikichelewa, kumbusha kwa maandishi, kwa adabu, na nakala ibaki kwako nyumbani.

Mzee wenu